Bluu ya Masafa, Nyekundu ya Matope

Wenzangu wa jumuiya, nimechoka kusimulia kipande kipande. Mmoja kanidaka mlangoni mwa kanisa, wawili sokoni, mwingine kapiga simu nikiwa na sabuni machoni. Kila mtu kaondoka na kipande chake, na sasa nasikia mjini wanasema dada yangu Gaudensia alipeleka gari kusagwa Laela pamoja na mahindi. Si kweli. Inakaribia kweli, lakini si kweli. Kwa hiyo naandika yote hapa, mpokezane.

Mnajua mimi na dada tuliamua kununua gari la umeme kwa kuchangia. Mimi nakaa hapa Milanzi, Sumbawanga, na kila mwezi nafuata vifaranga Mbeya. Yeye analima mpunga Muze, kule bondeni, na kuja kwake mjini lazima aupande ule mlima wa Ntendo, ambao mvua ikinyesha hata malori yanaukimbia. Lakini sababu kubwa ni mama yetu. Miaka sita hajapanda gari. Moshi wa dizeli ukimgusa tu, kifua kinambana, tunamteremsha barabarani na kumpepea kwa khanga. Na mdogo wake wa pekee, mama mdogo Skolastika, yuko Muze, miguu imegoma. Mtu na mdogo wake, mmoja juu, mmoja chini, miaka sita wanasikilizana kwa simu tu.

Kwamba liwe la umeme hatukubishana hata dakika moja. Ubishi ulikuwa lipi.

Mbeya hadi Tunduma

Habari za kuandikishana naziruka. Zilichukua asubuhi nzima na kalamu mbili, na safari ikaanza alfajiri ya siku iliyofuata.

Bwana Salehe, muuzaji, alikuwa na magari ya aina moja, umbo lile lile, viti vile vile, hata betri ni ile ile. La bluu lina mota moja inayosukuma tairi za nyuma, na likijaa chaji linakwenda mbali kuliko mengine yote. Jekundu lina mota mbili, mbele na nyuma, tairi zote nne zinavuta. Ila mota ya pili nayo inakula, kwa hiyo masafa yanapungua. Kulikuwa na toleo la tatu la betri ndogo, la kuzungukia mjini. Hilo dada alilitazama kama mtu anayetazama kiatu cha mtoto.

"Mimi nataka linalofika," nikasema.

"Mimi nataka linalopanda," akasema dada.

"Lisilofika litapandaje?"

"Na lisilopanda litafikaje?"

Bwana Salehe alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hajawahi kumuuzia mtu wa Rukwa gari la umeme, na kwa kweli yeye mwenyewe hajui lipi litafaa. Basi akatoa wazo ambalo sijui kama mkewe analijua mpaka leo: tuchukue yote mawili, kila mmoja aendeshe alipendalo, twende nayo hadi Muze pamoja na fundi wake aandike kila kitu kwenye daftari. Mwisho wa safari moja libaki, jingine lirudi.

Fundi huyo ni Sauda, binti mpole mwenye hijabu ya njano na simu tatu. Alipanda na mimi kwenye la bluu. Kabla hatujatoka getini tulikuwa tumeshayapa majina, Bluu na Nyekundu, wala hatukujisumbua kutafuta mengine.

"Mama, kanyaga taratibu, haina gia," Sauda akaniambia.

Nikakanyaga. Bluu ikaondoka bila mngurumo, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya misa kwisha. Mbele yangu Nyekundu iliruka kana kwamba imechomwa sindano, na dirishani nikamsikia dada yangu, mtu mzima mwenye wajukuu saba, akipiga yowe la furaha lililowafanya bodaboda wote wageuke.

Tunduma tulikwama. Malori yanayongoja kuvuka mpaka yalikuwa yamejipanga kama ukuta, na sisi katikati, saa nzima na nusu. Shida ya gari la umeme kwenye foleni ni kwamba halisikiki. Kila baada ya dakika tano mtu aligonga kioo: "Mama, limezimika? Tuwasukume?" Tukajibu hapana, asante. Dakika tano, mwingine. Mwishowe kundi la vijana likaisukuma Nyekundu bila kuuliza, na dada akawapungia mkono kama malkia.

Kisha akaja askari wa barabarani. Akaniamuru nifungue boneti. Nikafungua. Ndani kulikuwa na ndoo yangu ya maparachichi, basi.

"Injini iko wapi?"

"Haina, afande."

"Haina kivipi? Mmefikaje hapa?"

Sauda alishuka akamweleza habari za betri na mota, taratibu, kwa adabu, dakika kumi nzima. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama tena ile ndoo, akafunga boneti mwenyewe.

"Haya, nendeni. Ila muwe makini, yasije yakawaishia njiani hayo maparachichi."

Tunduma hadi Laela

Hapa ndipo dada alipoharibu mambo, na namwandika akiwa hai ili ajibu akitaka.

Barabara ni lami, nzuri, inapanda na kushuka. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kwetu. Pikapu ya dada ya shambani ina tundu sakafuni. Hajawahi kuwa na gari lenye hita. Akaiwasha mpaka mwisho. Tena akagundua kwamba akikanyaga mlimani, Nyekundu inalipita basi kama basi limeegeshwa. Akalipita moja. Akapunguza mwendo lipite, ili alipite tena. Nilimwona kwa macho yangu.

Sauda akampigia simu, akamweka kwenye spika ya gari. "Mama Gaudensia, shikamoo. Naomba upunguze mwendo, na uzime hita."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia vidole vya miguu kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Sizimi."

Kabla ya Laela Nyekundu ikawasha taa ya onyo. Sasa ndipo alipozima kila kitu: hita, redio, akafungua na dirisha, eti hewa isaidie. Alikwenda mwendo wa jeneza. Mzee mmoja wa baiskeli, mwenye gunia la mkaa, akampita na kumsalimia.

Laela kulikuwa na plagi za kawaida, ila kwa hizo tungelala hapo hadi kesho yake mchana. Sauda akauliza penye umeme mkubwa. Tukaelekezwa kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Ozwald. Mzee mwenyewe alikubali mara moja, tatizo likawa wateja wake. Kinamama kama kumi na watano walikuwa wamejipanga na madebe yao.

"Linataka kusagwa nini hilo?" mmoja akauliza.

"Linataka umeme tu, mama."

"Hata kama ni gari, lipange foleni."

Wote wakaitikia. Mzee Ozwald akatutazama kwa huruma: mashine na chaja havikuweza kwenda pamoja. Basi Nyekundu ikapangwa nyuma ya mama mwenye gunia la ulezi. Foleni ikisogea, naye dada anasogea. Akichelewa kusogea, yule aliyekuja baada yake anagonga kioo. Hiyo ndiyo habari ya kusagisha gari, na sasa mnayo kamili.

Tulikaa Laela tangu saa tano hadi saa kumi na moja. Bluu yangu ilikuwa na chaji ya kunifikisha nyumbani na kubaki, nami nikaringa, sifichi. Niliizunguka nikiifuta vumbi ambalo halikuwepo. Mke wa Mzee Ozwald alitupikia ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, na samaki wa migebuka waliochemshwa kwa nyanya. Dada alikataa kula kwa aibu, kisha akala sahani mbili. Mama mwenye ulezi, ambaye unga wake ulikuwa tayari, hakuondoka. Alikaa nasi akitufundisha jinsi ya kukausha mgebuka usivunde. Tulicheka mno siku ile. Dada alilamba vidole, akanikazia macho.

"Cheka tu, mdogo wangu. Mlima bado."

Laela hadi Milanzi

Tulifika jua likizama. Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake. Tukamwamkia, akaitikia bila kututazama; alikuwa anatazama magari. Akaizunguka Bluu. Akainama nyuma, akanusa.

"Bomba la moshi mmeliweka wapi?"

"Halina, mama."

"Limezimwa?"

"Limewashwa, mama. Ndivyo lilivyo."

Akafungua mlango, akakaa, akajifunika khanga miguuni. Nikamzungusha hadi shule na kurudi. Mimi namsikiliza anavyopumua. Tuliporudi nyumbani nikamfungulia mlango. Hakushuka.

"Rudia," akasema.

Tulirudia mara nne. Mara ya nne alikuwa amefungua kioo, anawasalimia majirani mmoja mmoja kwa majina, na wengine walikuwa wameshaanza kusimama barabarani wakimsubiri apite. Kisha akaingia ndani, nikamkuta anakunja nguo kwenye kikapu.

"Kesho naenda kumwona Skola," akasema.

Nilikula kidogo jioni ile. Kumzungusha mtu Milanzi ni jambo moja. Kifua kikimbana katikati ya mlima wa Ntendo, nimpeleke wapi?

Ntendo, kuteremka

Dada alitangulia na Nyekundu. Mimi nilifuata na Bluu, mama pembeni yangu, Sauda nyuma na daftari.

Mlima ule mnaujua: kona juu ya kona, na bonde la Rukwa limetandaa chini kama mkeka. Sasa sikilizeni maajabu. Kwenye gari hili ukiachia pedali likiwa linateremka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Tulianza kuteremka na asilimia arobaini na sita ya chaji kwenye kioo. Kona ya tatu, arobaini na saba. Mama aliiona kabla yangu.

"Kordula, namba inapanda. Linakula nini hili?"

"Linakula mlima, mama."

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Kila namba ikipanda aliitangaza kwa sauti. Arobaini na nane! Tisa! Sauda naye akaacha kuandika, wakawa wanashangilia pamoja kama watu wa mpira.

Ndipo lori likatokea kwenye kona, linapanda na shehena ya mpunga, likitoa moshi mweusi tii. Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikasogea ukingoni nikasimama. Sauda akarusha mkono mbele, akafunga vioo vyote, akabonyeza kitufe cha kuzuia hewa ya nje isiingie. Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Lori likapita polepole, likatufunika, kioo kikawa cheusi. Nikahesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Limepita?" akauliza.

"Limepita, mama."

Akavuta hewa kwa pua, taratibu, kama anayeonja mchuzi. Akaniachia mkono. "Twende basi. Tulifika ngapi? Hamsini?"

Nililia nikiendesha. Kwa bahati barabara yenyewe ilikuwa inajulikana.

Bondeni mvua ilikuwa imetangulia. Kabla ya Muze kuna mahali maji yanakatiza barabara, na siku ile palikuwa uji mtupu. Dada akaingia na Nyekundu, ikatikisika kidogo, ikatoka. Nikamfuata. Tairi za nyuma za Bluu zikaanza kuzunguka pale pale, matope yakaruka hadi juu ya paa, na gari likaondoka kiubavuubavu, kwa upole kabisa, likaenda kuketi mtaroni.

"Sasa hapa limezimwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Limekwama."

Watu walitoka mashambani, dada akaleta kamba, Nyekundu ikatuvuta. Dada hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alikunja kamba, akaisafisha matope polepole, anapiga mluzi. Mama akachukua kikapu chake.

"Nahama," akasema, akaenda kukaa kwenye Nyekundu.

Muze

Mama mdogo Skolastika alikuwa ametolewa nje, kakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kavaa gauni la Krismasi. Mama alishuka akatembea hadi pale. Wakatazamana. Mimi nilitegemea vilio.

"Umekonda," akasema mama mdogo.

"Wewe umenenepa."

"Ni uvimbe wa miguu huu."

"Sogea nikae."

Hapakuwa na nafasi ya watu wawili kwenye kiti kile, lakini walikaa. Wakashikana mikono, kila mmoja anatazama mbele, na wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja bila kungojana. Mimi na dada tukasema tunakwenda kutafuta kuni. Tulisimama nyuma ya jiko tukalia na kucheka mpaka Sauda alipotufuata, kumbe naye kaja kufanya hivyo hivyo.

Chakula cha mchana kilikuwa wali mpya na samaki wa ziwani. Tukiwa tunakula nikaamua kuwa muungwana.

"Dada, nimeshindwa. Tuchukue Nyekundu."

"Nyekundu?" akasema dada. "Mimi nilikuwa nataka kusema tuchukue Bluu. Sitaki kusimama tena nyuma ya ulezi wa watu."

"Lakini matope..."

"Matope ni ya miezi michache. Mbeya ni ya mwaka mzima."

"Kule Mbeya ulisema lisilopanda halifiki!"

"Na wewe ulisema lisilofika halipandi!"

Tukaanza upya, kwa ukali ule ule, kila mmoja kavaa nguo za mwenzake. Sauda alifunga daftari akainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika.

Mama mdogo ndiye aliyetukatiza. "Hilo jekundu," akasema, "linaweza kunifikisha juu?"

Tukamgeukia. Tangu miguu imgomee hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kwenda popote.

"Juu wapi, mama mdogo?"

"Kwa dada yangu. Nimeshasikia sana habari za hiyo nyumba. Nataka kuiona."

Kupanda

Usiku mvua ilinyesha vilivyo. Asubuhi malori matatu yalikuwa yameegesha chini ya mlima yakingoja pakauke. Sauda alibaki Muze na Bluu, angoje pia. Dada alishika usukani wa Nyekundu, mimi pembeni yake, wakongwe nyuma wamefungwa mikanda.

Dereva mmoja wa lori alitusogelea. "Mama zangu, shikamooni. Hata sisi tumekaa."

"Marahaba, baba. Tukishindwa tutarudi kinyumenyume, tuje tunywe chai na ninyi," dada akamjibu.

Tukapanda. Mwendo wa kutembea, hauzidi. Unasikia tairi moja inateleza, nyingine inashika. Hiyo ikiteleza, ya upande wa pili inashika. Nyuma rozari ilikuwa imeshaanza, na jinsi mlima ulivyozidi ndivyo Salamu Maria zilivyozidi mbio, mpaka mama mdogo akawa anajibu kabla mama hajamaliza. Dada ulimi kaubana kwenye kona ya mdomo. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika zile.

Kwenye kona mbaya kuliko zote gari likaanza kurudi nyuma kidogo. Likashika. Likasimama.

"Kordula," akasema dada bila kugeuka, "shuka. Punguza uzito."

Nilishuka. Matope yalinimeza hadi nusu ya muundi, kiatu kimoja sijakipata hadi leo. Nikaweka mawe nyuma ya tairi, nikapiga ubavu wa gari: "Nenda!" Nyekundu ikatetemeka, ikajivuta, tairi zote nne zikauma kwa pamoja, ikapanda. Ikaendelea kupanda. Ikaikata kona. Ikanipotea. Ni kweli dada hakuweza kusimama pale, angesimama angeshuka tena, lakini nataka mjue kwamba niliachwa mlimani na familia yangu.

Nilipanda kwa miguu, kiatu kimoja mkononi, nimejaa tope hadi kwenye nyusi, nacheka peke yangu kama mwehu. Nilipofika juu niliwakuta wamesimama penye majani, milango wazi, ukungu unapita katikati yao. Mama mdogo alikuwa amejifunga khanga tatu, meno yanagongana.

"Kumbe huku mna baridi hivi!" alikuwa anamgombeza mama. "Miaka yote kwenye simu, hukusema!"

Basi, hatukubishana tena. Nyekundu ilibaki. Siku ya tatu barabara ilipokauka Sauda alipandisha Bluu, akatuaga, akairudisha. Jioni aliandika kwamba kafika Mbeya bila kuchomeka popote tangu Sumbawanga, na chaji imebaki. Ujumbe ule niliusoma mara mbili, nikapiga moyo konde, nikauonyesha dada, naye akausoma mara tatu.

Kilichobaki ni hiki. Mama mdogo alikuja kwa siku mbili na sasa ni wiki ya tatu. Hata siku moja hajakaa sebuleni kwangu. Yeye na mama wamegundua kwamba viti vya Nyekundu vinapashwa moto, na hakuna upepo, na mtu akifunga mlango hakuna anayesikia wanachosema. Wakimaliza uji wa asubuhi wananiomba niwaingize, nawafungulia, wanakaa humo uani hadi mchana, gari limesimama, wanasimuliana mwaka baada ya mwaka. Jana nilikuwa na vifaranga wa kumpelekea mteja. Nikagonga kioo kwa adabu, nikasema naomba gari.

Mama alishusha kioo nusu.

"Panda bodaboda," akasema. "Hapa tumefika mwaka ule wa mafuriko." Akapandisha kioo.

Nilipanda bodaboda.